Taa za breki zilinipotezea zaidi ya laki nne: jinsi ya kutafuta hitilafu kwenye gari la kupelekea oda



Leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeuliza bei kisha anapotea. Naongelea taa mbili nyekundu zilizo nyuma ya gari. Kama una kigari chako cha kupelekea oda, au unakodi cha ndugu yako, soma mpaka mwisho. Kama huna gari lakini unategemea ya kununua mwakani, hifadhi hii.

Mimi nauza vyombo vya jikoni mtandaoni hapa Dar es Salaam. Sufuria, hotpoti, seti za sahani, vitu hivyo. Nilianza na bodaboda, oda zikaongezeka, nikanunua Hiace ya zamani, ya mwaka 1997, iliyokuwa daladala. Nikang'oa viti, nikapata nafasi ya mzigo. Asubuhi nazunguka Kimara na Ubungo, mchana Tegeta, jioni napeleka mizigo ya mikoani stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Gari likawa ndiyo duka lenyewe.

Sasa nikasema ngoja nipange vizuri. Nikamwita fundi seremala, akanifungia rafu za plaiwudi pande zote mbili kwa ndani. Oda za Tegeta rafu ya juu, za stendi rafu ya chini. Kazi ikawa safi. Kumbuka hizo rafu, nitazirudia.

ILIVYOANZA

Kama wiki moja baadaye, mteja mmoja akaniambia, "Kaka, taa zako za breki haziwaki." Nikapita gereji ya barabarani. Kijana akafungua boksi la fyuzi, akaona fyuzi ya breki imekatika, akaweka nyingine. Zikawaka. Buku mbili, nikaondoka.

Siku mbili, zimezima tena. Nikarudi. Akaweka fyuzi nyingine, akabadilisha na globu mbili. Elfu sita. Zikawaka, nikaondoka. Baada ya siku tatu, zimezima. Safari hii akasema tatizo ni swichi ya breki. Swichi elfu thelathini na tano, ufundi elfu ishirini. Akamalizia kwa kusema, "Bosi, na hii fyuzi nakuwekea kubwa, haitakusumbua tena." Akaweka ya ampea 30 mahali pa ampea 15.

Kweli haikunisumbua tena. Haikukatika. Kilichokatika ni kitu kingine, na mimi sikujua.

Kuna jioni nilisikia harufu ya plastiki inayoungua ndani ya gari. Nilikuwa kwenye foleni, nikadhani kuna mtu anachoma taka pembeni ya barabara. Nikafunga kioo.

Kesho yake jirani akaniambia taa za breki hazipo kabisa. Nikamjibu, "Nimeshachoka na hizo taa, nitazishughulikia mwisho wa mwezi." Nilikuwa na oda kumi na tisa siku hiyo. Wewe muuzaji unajua siku ya oda kumi na tisa inavyokuwa.

SIKU YENYEWE

Saa moja na nusu usiku, natoka Mbezi. Mbele yangu mtu akavuka ghafla, nikakanyaga breki. Nikasikia kishindo nyuma.

Alikuwa kijana wa bodaboda. Hakuwa mbio. Aliniambia pale chini, ameshika kifundo cha mkono: "Bro, niliona taa zako zinawaka, nikajua unatembea."

Hilo neno sijalisahau. Aliziona taa za usiku, zile hafifu. Gari lilikuwa linaonekana vizuri kabisa. Ila hakuna kitu kilichomwambia kwamba linasimama.

Askari wa usalama barabarani akaja. Akaniambia nikanyage breki, akazunguka nyuma, akaona giza. Hakuhitaji kuuliza swali la pili.

Kijana alikuwa amebeba keki. Oda ya dada mmoja anayeoka nyumbani kwake na kuuza kwa simu, kama sisi tu. Nikampigia mimi mwenyewe kumweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mimi sikulaumu, pole na matatizo. Ila mteja wangu ana watoto wamekaa mezani wanasubiri." Nilishindwa cha kumjibu.

Hesabu ikawa hivi:

Hospitali na dawa: 70,000
Hesabu ya bosi wa pikipiki, 8,000 kwa siku 21 ambazo kijana hakuweza kuendesha: 168,000
Taa na madigadi ya pikipiki: 45,000
Keki: 60,000
Faini: 30,000
Zile safari tatu za gereji: 63,000

Jumla 436,000. Bima ndogo ninayo, lakini kijana alihitaji kula wiki ile ile, siyo baada ya makaratasi. Na mkono wake ndio uliopona baada ya wiki tatu, siyo mapema. Hiyo siyo hesabu ya kuandika kwenye daftari.

MZEE NA TAA YAKE

Kesho yake nikapelekwa kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari tangu zamani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Gari lina nini?"

Nikaanza kumweleza fyuzi, globu, swichi. Akanikatisha. "Sijakuuliza ulichonunua. Tatizo lilianza lini? Na kabla halijaanza, ulifunga nini kwenye gari?"

Nikafikiri. "Nilifunga rafu."

Akacheka kidogo, akachukua kitaa chake cha kupimia. Dakika arobaini akawa amemaliza. Skrubu moja ya rafu ilikuwa imepita kwenye ukuta wa ndani na kuingia katikati ya fungu la nyaya zinazokwenda nyuma. Gari likiwa tupu, skrubu haigusi shaba. Nikipakia sufuria, rafu inainama, skrubu inagusa, nikikanyaga breki inapiga shoti na fyuzi inakatika. Fyuzi ilikuwa inafanya kazi yake kila mara. Tulipoweka ya ampea 30, yenyewe haikukatika, ukaungua waya. Ile harufu ya plastiki ilikuwa hiyo. Ganda la waya wa jirani yake lilikuwa limeshaanza kulainika, na nje ya ukuta ule ni makaboksi yangu.

Gharama ya mzee, waya na kazi: 25,000.

Nilimwomba anifundishe. Haya hapa chini ndiyo aliyonifundisha, nami nimeshayafanya kwenye gari langu na la shemeji yangu. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji kuelewa njia moja tu.

ELEWA NJIA YA UMEME KWANZA

Umeme wa taa ya breki unapita hivi:

Betri → fyuzi → swichi iliyo juu ya pedali ya breki → waya mpaka nyuma → globu → bodi ya gari → unarudi betri.

Hiyo tu. Ukikanyaga pedali, swichi inafungulia umeme uende nyuma. Taa isipowaka, umeme umekwama mahali fulani kwenye hiyo njia. Kazi yako ni kujua umekwama wapi. Ni kama mzigo uliotumwa Mwanza haujafika: huanzi kwa kununua mzigo mwingine, unauliza umeishia kituo gani.

VIFAA

Kitaa cha kupimia cha volti 12: kina ncha kali upande mmoja na waya wenye kibanio upande mwingine. Mimi nilinunua 5,000. Ongeza bisibisi, kipande cha msasa, waya wa mita mbili tatu, na mtu wa kukanyaga pedali. Ukiwa peke yako, bana pedali kwa mti ukiuegemeza kwenye kiti, au rudi nyuma karibu na ukuta usiku, uangalie mwanga kwenye kioo.

Kabla ya kupima chochote, jaribu kitaa chenyewe: kibanio kwenye hasi ya betri, ncha kwenye chanya. Kikiwaka, ni kizima. Watu wametafuta hitilafu nusu siku kumbe kipimo ndicho kibovu.

Tahadhari moja: nyaya zenye ganda la njano, hasa karibu na usukani, usizichome wala kuzipima. Kwenye magari mengi hizo ni za mifuko ya hewa ya usalama.

HATUA YA 1: ZIMEZIMA ZOTE AU MOJA?

Hili swali linakuokolea nusu ya kazi.

Imezima moja tu: umeme unafika nyuma, kwa hiyo fyuzi na swichi ni nzima. Usiziguse. Tatizo liko kwenye globu, soketi, waya wa upande huo, au mahali waya wa hasi wa taa hiyo unapofungwa kwenye bodi.

Zimezima zote: anza na fyuzi, kisha swichi, kisha waya mkuu. Globu mbili kuungua siku moja hutokea kwa nadra.

Zinawaka muda wote hata hujakanyaga: nenda moja kwa moja hatua ya 5.

HATUA YA 2: GLOBU

Kwenye Hiace za zamani na magari mengi ya aina hiyo, globu moja ina nyuzi mbili ndani: moja ya watt 5 kwa taa ya usiku, nyingine ya watt 21 kwa breki. Ndiyo maana taa ya usiku inaweza kuwaka vizuri huku ya breki imekufa. Usidanganyike kama nilivyomdanganya yule kijana wa bodaboda.

Itoe, iangalie kwenye mwanga. Uzi umekatika? Kioo kimekuwa cheusi? Kama huna uhakika, usinunue bado. Hamisha globu nzima ya upande mwingine uweke hapa. Ikiwaka, globu yako ndiyo mbovu. Isipowaka, globu haina kosa. Kipimo hiki hakina gharama.

Angalia na vile vipini vya pembeni ya globu: kimoja kiko juu, kingine chini kidogo, ili iingie upande mmoja tu. Ukiona haiingii, usilazimishe. Ukiiingiza vibaya, breki na taa ya usiku zinabadilishana.

HATUA YA 3: SOKETI NA WAYA WA HASI

Angalia ndani ya soketi. Ukiona ukungu mweupe au wa kijani, ni kutu. Maji ya kuosha gari na mvua huingia pale. Toa fyuzi kwanza, kwangua kwa msasa, hakikisha vile vibati vya ndani bado vinasukuma globu vizuri.

Halafu hasi. Hapa ndipo wengi wanapoibiwa pesa, maana dalili zake zinachanganya. Ukikanyaga breki, indiketa inawaka kidogo. Au taa ya usiku inafifia. Au taa zinafanya vitu vya ajabu kama za disko. Sababu ni kwamba umeme umefika kwenye globu lakini umekosa njia ya kurudi, kwa hiyo unatafuta njia kupitia globu nyingine.

Kipimo: chukua waya wako, ncha moja gusisha kwenye hasi ya soketi, nyingine kwenye chuma kisafu cha bodi kisicho na rangi. Mwambie mwenzako akanyage. Taa ikiwaka vizuri, umemaliza. Tafuta pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, fungua, piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, funga tena kwa nguvu. Gharama: msasa.

HATUA YA 4: FYUZI

Angalia mfuniko wa boksi la fyuzi. Kwenye Toyota nyingi ya breki imeandikwa STOP, na namba ya ampea imeandikwa palepale. Pima kwa kitaa pande zote mbili za fyuzi ikiwa mahali pake. Kibanio kwenye chuma cha bodi, ncha kwenye kila upande. Ikiwaka pande zote, fyuzi ni nzima. Upande mmoja tu, imekatika.

Sasa sikiliza hapa. Globu mbili za watt 21 ni watt 42. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 3.5. Fyuzi ya ampea 15 ina nafasi kubwa mno kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ikikatika, haijachoka. Kuna shoti. Weka nyingine ya namba ileile mara moja, kuona. Ikikatika tena, acha kununua fyuzi, nenda hatua ya 6.

Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Usizungushie waya. Usiweke karatasi ya sigara. Ukifanya hivyo, waya wako ndio unakuwa fyuzi, na waya ukiungua unaungua na kilicho karibu yake.

HATUA YA 5: SWICHI

Iko juu ya pedali ya breki. Inama, tumia tochi. Kwa kawaida ina nyaya mbili. Mmoja una umeme wakati wote, mwingine unapata umeme ukikanyaga.

Pima wote wawili:

Hakuna umeme kwenye wowote: tatizo liko kabla ya swichi. Rudi kwenye fyuzi na waya wake.

Umeme mmoja tu, na ukikanyaga wa pili haupati: swichi ni mbovu, au imelegea na haifunguki. Jaribu kukaza nati yake na kuisogeza kidogo kabla ya kununua.

Ukikanyaga, wote wana umeme: swichi ni nzima. Usikubali mtu akuuzie nyingine. Kipimo hiki kingechukua dakika mbili na kuniachia elfu hamsini na tano mfukoni.

Na kama taa zinawaka muda wote na betri inakuta imekufa asubuhi: angalia pale pini ya swichi inapogusa pedali. Magari mengi ya zamani yana kipande kidogo cha plastiki au mpira pale. Kikizeeka kinavunjika, pini inapita kwenye tundu, gari linadhani umekanyaga breki usiku kucha. Kipande hicho ni cha bei ndogo sana. Watu wamenunua betri mpya kwa ajili yake.

HATUA YA 6: WAYA

Kama umeme unatoka kwenye swichi lakini haufiki nyuma, waya umekatika katikati. Usianze kuchana gari lote. Jiulize lile swali la mzee: nimefunga nini karibuni? Rafu, spika, taa za ndani, kamera, alamu, boriti la kuzuia mzigo? Angalia hapo kwanza. Kama hukufunga kitu, angalia bawaba za mlango wa nyuma, ambapo nyaya hujikunja kila ukifungua, na sehemu zinazosugua chuma. Kama gari lilikuwa daladala, angalia na nyaya za muziki za zamani, nyingi ziliungwa kienyeji.

Ukikosa, pima katikati ya njia. Umeme upo? Kosa liko nusu ya nyuma. Haupo? Nusu ya mbele. Gawa tena. Mara tatu nne umeshalifikia.

Kama fyuzi inakatika, yaani ni shoti, kuna njia nzuri ya kutafuta bila kumaliza fyuzi. Toa globu zote za breki nyuma, na ile ya tatu ya juu kama ipo. Toa fyuzi, mahali pake unganisha globu nyingine ya watt 21 kwa nyaya mbili, moja kila upande wa tundu. Sasa:

Globu inawaka hata hujakanyaga: shoti iko kati ya fyuzi na swichi.

Inawaka ukikanyaga tu: shoti iko baada ya swichi, kuelekea nyuma.

Haiwaki: shoti haipo kwa sasa. Inakuja na kuondoka, kama yangu. Pakia mzigo, tikisa nyaya, sukuma rafu, huku mwenzako ameikanyaga pedali. Globu ikiwaka ghafla, mkono wako uko mahali penyewe.

KUUNGA

Usisokote waya na kuufunga kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Toa fyuzi kwanza. Tumia waya wa unene uleule au zaidi, unga kwa lehemu au kiunganishi cha kubana, funga tepu ya umeme vizuri, kisha uelekeze waya mbali na skrubu na chuma chenye makali. Mwisho, rudisha fyuzi ya namba yake, pakia mzigo wako wa kawaida, ndipo ujaribu. Gari tupu linaweza kukudanganya.

Ukifika mahali huelewi, nenda kwa fundi. Lakini nenda ukiwa unajua la kusema: "Fyuzi nzima, swichi inatoa umeme, nyuma haufiki." Fundi mzuri atafurahi. Fundi wa kubahatisha atajua huwezi kuuziwa swichi.

KABLA HUJATOKA NA ODA

Siku hizi nina utaratibu. Asubuhi, kabla sijapakia kitu, dada wa jirani ananisaidia: anasimama nyuma, mimi nakanyaga. "Zote?" "Zote." Sekunde kumi. Jioni nikishapakia mzigo wa stendi, tunarudia. Fyuzi mbili za akiba na globu moja ziko kwenye droo, pamoja na kitaa changu cha elfu tano. Na fundi seremala akija, namwonyesha nyaya zinapopita kabla hajashika drili.

Sisi wauzaji wadogo tunahesabu sana bei ya kununua na bei ya kuuza. Gari bovu tunaliweka kwenye "mwisho wa mwezi". Lakini nyuma yako yupo mtu amebeba oda ya mwenzako, na hana habari na mwisho wa mwezi wako. Anaangalia taa tu.

Yule kijana amerudi barabarani. Oda zangu ndogo za Kimara siku hizi nampa yeye. Na yule dada wa keki, nilimlipa keki yake, baadaye akaniagiza seti ya sufuria za kuokea. Nilimpelekea mwenyewe. Kabla sijaondoka kwake akatoka mpaka getini, akasema, "Hebu kanyaga breki nione."

Nikakanyaga. Akanyoosha dole gumba.

Mtumie hii mwenzako mwenye gari la kupelekea oda. Na wewe ukimaliza kusoma, toka nje, mwombe mtu asimame nyuma ya gari lako, kanyaga.